Mrithi wa Mtumbwi Mbovu

Ule mtumbwi ulikuwa unavuja tangu kabla sijaolewa, na miaka yote niliyokaa ukweni sikuwahi kuuona mkavu. Baba mkwe wangu, mzee Mesheki, aliuchonga mwenyewe ujanani, wakati milima iliyo nyuma yetu ilikuwa bado na miti ya kukumbatiwa na watu wawili. Siku hizi huko juu kuna muhogo na mashina. Anayetaka mtumbwi mpya akauote usingizini.

Kwa hiyo wenye mitumbwi ya zamani wanaitia viraka, na viraka vikichoka wanatia viraka juu ya viraka. Wetu ulikuwa na bati la kopo la mafuta ya kula upande wa mbele, lenye picha ya alizeti iliyofifia, kipande cha kandambili kwenye ufa wa katikati, na matambara yaliyolowekwa kwenye lami kila mahali palipobaki. Ulilalia kushoto, kwa sababu mti wenyewe ulikuwa umepinda, na asiyeujua alipinduliwa kabla hajatia kasia majini. Ukingo wa kulia ulikuwa na mifereji iliyochimbwa na kamba za nyavu, laini hata ukipitisha shavu. Mahali pa kukalia, nyuma, palikuwa na bonde la matako ya baba mkwe. Mume wangu Yotamu alipokaa hapo, ya kwake nayo yaliingia sawasawa, na alijisifia jambo hilo mbele za watu bila haya.

Nitasema wazi, niliuchukia. Paa letu nalo lilivuja, lakini halikuwahi kuzibwa kwa haraka ile. Yotamu akitoka ziwani alikula, akanawa, halafu akarudi ufukweni kuupapasa tumbo kwa kiganja, akitafuta nyufa mpya.

"Mke mwenzangu amelala salama?" nilimuuliza akirudi.

"Amelala," alijibu. "Tena yeye hagombi."

Lakini sikuwa mjinga, nilijua kwa nini. Ufukweni kwetu wanaume ni wa aina mbili: wenye chombo chao, hata kiwe kibovu namna gani, na wanaovuta nyavu za watu. Waliovuta nyavu za Zakeyo, mwenye maboti ya mbao na injini, waliamka akisema waamke, walikula samaki aliowachagulia yeye, na hata kukojoa waliomba ruhusa. Yotamu na baba yake walitoka walipotaka. Wakirudi na samaki mmoja tu, kampango mwenye masharubu, alikuwa kampango wao, na hakuna mtu aliyesimama mchangani kuwahesabia. Hata mimi nilimkubali Yotamu kwa sababu hiyo. Alikuja kwetu kuniposa mchana wa kazi, akakaa mpaka jua likazama, wala hakutazama nyuma kuona kama kuna mtu anamwita.

Zakeyo alikuwa hapiti bila kumchokoza. "Yotamu, hilo bakuli lako bado linaelea? Njoo kwangu, utavua ukiwa umevaa soksi."

"Nikivaa soksi mke wangu atadhani nimekufa," Yotamu alimjibu, na watu wakacheka, na Zakeyo akacheka kuliko wote, maana alikuwa na subira ya mtu tajiri.

Mzee Mesheki alikufa asubuhi moja, wakiwa wametoka kutega nyavu. Walikuwa wanauvuta mtumbwi mchangani, baba mbele, mwana nyuma. Baba akaketi chini, Yotamu akadhani anapumzika. Alipomfikia, mzee alikuwa ameshaondoka. Watu wengine wote walikuwa mashambani, kwa hiyo hakuna aliyeona, na hilo ndilo lililotuponza.

Shangazi Enelesi, dada wa marehemu, alikuja analia kutoka mbali mpaka mlangoni. Alipofika mkekani akanyamaza ghafla, akauliza kwa sauti kavu, "Alikuwa na nani?"

"Na Yotamu," akaambiwa.

"Peke yao?"

"Peke yao."

Akarudi kulia. Lakini wanawake wote pale tulikuwa tumesikia, na wengine walinitazama mimi.

Kwetu mali ya mwanaume huenda kwa mtoto wa dada yake. Mtoto wa kumzaa hurithi kilio. Yotamu mwenyewe, mjomba wake alipokufa, alipata koti la mgodini na redio inayoshika stesheni moja, tena siku za mvua. Hakuna aliyeona ajabu. Basi na ule mtumbwi, tangu pumzi ya mzee ilipokatika, haukuwa tena wa nyumba yetu. Ulikuwa wa Saulosi, mtoto wa pekee wa shangazi Enelesi, ambaye alikwenda Joni, huko Afrika Kusini, zamani kutafuta kazi na sasa anatengeneza makabati ya jikoni kwa matajiri.

Na kuna jambo jingine. Mtu akifa, mpaka siku ya kunyoa nywele na kumaliza msiba, vitu vyake haviguswi wala havitajwi. Mtumbwi hugeuzwa kifudifudi mchangani na kuachwa. Anayeulizia mali ya marehemu kabla ya kunyoa ni mtu aliyekuwa na haraka, na kwetu mtu akisemwa alikuwa na haraka kila mtu anaelewa kinachosemwa. Kinachosemwa ni kwamba alimla kwa uchawi. Sasa mfikirie mume wangu, aliyekuwa peke yake na mzee.

Siku zile Zakeyo alipita msibani, akakaa na wanaume nje, akaongea kwa sauti ya chini ambayo ilikusudiwa isikike mpaka jikoni. Alisema Saulosi akija atamuuza yule bibi kizee, yaani mtumbwi, maana huko Joni hatampanda, na yeye Zakeyo atamnunua wa kubebea taa za kuvulia dagaa wa usipa. "Na nikiununua ule mtumbwi, Yotamu anakuja humo humo," alisema, "kama kunguni na kitanda."

Yotamu alikuwa amekaa karibu yake. Akainuka akaondoka.

Nilimfuata nyuma ya nyumba. "Mpigie simu Saulosi," nikamwambia. "Mwambie unautaka. Atakunyima? Ni binamu yako, mmekua mnatukanana vizuri tu."

"Nyamaza, NyaManda. Shangazi anasikia."

"Shangazi yuko ziwani anaosha vyombo."

"Basi kuna wengine. Unataka waseme nimemla baba yangu kwa ajili ya mtumbwi? Mtumbwi wenyewe unavuja!"

"Kwani usipokuwa nao utafanya nini?"

Alinitazama kama nimemvua nguo. Alikuwa na mvi tayari upande mmoja wa ndevu. Watu wanaovuta nyavu za Zakeyo ni vijana ambao mtu kama yeye wanamwita mzee kwa dharau, wanaimba nyimbo za matusi wakivuta, na anayechoka wanamwimba jina.

"Nitafanya kitu," alisema.

Kitu chenyewe nilikigundua kwa sababu ya kuku. Nilikuwa na kuku wangu mwekundu aliyekuwa anatafuta pa kutagia, na asubuhi moja nikamkosa. Nikamtafuta kwenye vichaka, nikamtafuta chini ya ghala la muhogo, mwishowe nikashuka ufukweni, nikasikia sauti yake ndani ya mtumbwi uliofunikwa. Nikainama. Kuku alikuwa ametengenezewa kiota kizuri cha nyasi kavu, bora kuliko chochote nilichowahi kumtengenezea. Na upande wa pili, amelala kwa ubavu mchangani, alikuwapo mume wangu na koleo mkononi.

"Baba Lusungu! Unafanya nini?"

"Shusha sauti."

Alikuwa ameling'oa bati lenye alizeti. Alikuwa ameing'oa ile kandambili, na sasa alikuwa anachomoa matambara kwenye nyufa, moja moja, na kuyarundika kando ya tumbo lake. Pale bati lilipokuwa, mti ulibaki na umbo la mraba, mweusi, na matundu ya misumari pembeni.

"Nauzeesha," alisema.

"Umeshazeeka!"

"Haujazeeka vya kutosha. Saulosi ni fundi wa mbao, ana macho. Akiukuta na viraka vyake vimepigiliwa vizuri atajua ni chombo cha kazi, na chombo cha kazi kinauzika. Nataka akija aone kuni. Zakeyo naye aone kuni. Kuni hazina mnunuzi hapa. Ataniachia."

"Na wakikuona umegusa kitu cha marehemu?"

Aliendelea kuchomoa, na nikaona kwamba analia, mtu mzima, machozi yanamwingia sikioni kwa sababu alikuwa amelala upande. Kila tambara lile alikuwa amelitia yeye mwenyewe kwa mkono wake. Hasira zikaniisha. Nilikwenda kuchukua ufagio, nikafuta nyayo zake kutoka mtumbwini mpaka kwenye njia, na viraka tukavificha chini ya kitanda chetu.

Saulosi alifika siku moja kabla ya kunyoa, amenenepa, amebeba blanketi nne za manyoya na sufuria za kung'aa kwa ajili ya mama yake. Alitania kila mtu. Alimwambia Yotamu kwamba sasa amefanana na babu yao, aliyekufa kabla hawajazaliwa. Lakini alipopelekwa kaburini alilia kwa kweli, si kilio cha kuonyesha watu, mpaka akashikwa mkono. Mzee Mesheki ndiye aliyemfundisha kuogelea.

Tuliponyolewa wote, wazee wakamchukua kumwonyesha vitu vyake. Vilikuwa vichache: nyavu mbili, jembe, baiskeli isiyo na breki, kiti cha kukunja. Kisha wakateremka ufukweni na sisi tukawafuata. Vijana wanne wakaugeuza mtumbwi. Kuku wangu akaruka na kelele zake, mayai yakaonekana, na watu waliokuwa na huzuni tangu asubuhi wakapata nafasi ya kucheka.

Saulosi hakucheka. Alichuchumaa. Akapitisha vidole kwenye nyufa zilizokuwa wazi, akatia kidole kwenye tundu la msumari.

"Binamu, ndiyo hali yake hii?"

"Umechoka," Yotamu alisema. "Hata mzee mwenyewe alikuwa ameshaukatia tamaa."

"Unaingia majini?"

"Kuingia unaingia. Kutoka ndiyo shida."

Watu wakacheka tena. Zakeyo akasogea, akatazama ndani, akatema mate pembeni. "Huu hata wa kupewa siutaki," alisema. "Utanizamishia taa."

Nilimwona mume wangu mabega yakimshuka, na mimi nikapumua. Hesabu yake ilikuwa imekubali. Angenyamaza pale pale, angekaa tu na uso wake wa msiba, labda mambo yangekwenda vingine. Lakini alikuwa na hamu ya kumaliza.

"Niachie tu mimi," alimwambia Saulosi. "Nitaupasua, tupikie. Mti mkavu huu, unawaka vizuri."

Saulosi alisimama taratibu, akapangusa mchanga magotini. Hakuwa na utani tena usoni.

"Hapana," alisema. "Mjomba hakuchonga kuni. Usipasuliwe."

Akaondoka kwa miguu kuelekea upande wa rasi, peke yake. Wazee walitazamana. Shangazi Enelesi alimtazama Yotamu, akatikisa kichwa chake kilichonyolewa.

Kesho yake Saulosi alirudi na mwanamke. Nyuma ya rasi kulikuwa na loji inayojengwa, na mwenyewe alikuwa mama mmoja wa Lilongwe aliyevaa kofia pana na viatu vya mpira, mtu mchangamfu ambaye vibarua wote walimwita Madamu bila kumwogopa. Alikuwa ameshamwomba Saulosi amtengenezee makabati kabla hajarudi Joni. Sasa alikuwa amekuja kuona mtumbwi.

Aliuzunguka. Aliponiona nimesimama akaniamkia kwa heshima, kisha akavua kofia akaushika ule ukingo wa kulia, akapitisha kiganja kwenye mifereji ya kamba, polepole, kwenda na kurudi. Niliujua mkono ule. Ndivyo Yotamu alivyokuwa akiupapasa jioni.

"Jamani!" alisema. "Oneni mikono ya watu ilivyopita hapa. Fundi gani anaweza kuchonga uzee huu? Hakuna." Akaliona bonde la kukalia, akaweka mkono mdomoni. "Alikuwa anakaa hapa?"

"Hapo hapo," Saulosi alisema.

"Na hapa pamebanduka kitu." Alikuwa ameshika ule mraba mweusi wa bati. "Ona alama ilivyobaki. Nautaka hivi hivi. Msiusafishe, msizibe kitu, nautaka na matundu yake yote."

Alieleza kwa furaha kwamba utakatwa katikati, vipande viwili visimamishwe ukutani kwenye ukumbi wa vinywaji, ndani yake vipigiliwe mbao za kuwekea glasi na chupa. Saulosi akamgeukia Yotamu, na uso wake ulikuwa wa mtu anayetoa zawadi.

"Utakaa kivulini, binamu. Utapakwa mafuta kila mwaka. Wageni wakiuliza ni wa nani watatajiwa jina la mjomba. Si afadhali kuliko jikoni?"

"Ni afadhali," Yotamu alisema.

Jioni nilisonga ugali wa muhogo kwa hasira mpaka mwiko ukalia. Alipokuja nilimwekea sahani kwa kishindo.

"Nenda kwa Saulosi sasa hivi. Nywele zimeshanyolewa, ruhusa ipo ya kusema."

"Nikaseme nini?"

"Kwamba unautaka!"

"Jana nimesema mbele ya wazee kwamba ni kuni. Leo niseme ni mzima? Wataniuliza viraka vimekwenda wapi. Nitasema viko chini ya kitanda changu, nilivitoa wakati wa msiba, nikiwa peke yangu na mali ya marehemu, kama nilivyokuwa peke yangu na marehemu." Aliongea bila kupandisha sauti. "Shangazi anasubiri neno la namna hiyo tangu siku ya kwanza. Hatutakaa tena kijiji hiki, NyaManda. Na Lusungu ataolewa na nani?"

"Basi niseme mimi."

"Ukisema wewe, nimesema mimi."

Nilikaa. Nilitafuta pa kupitia, kama anavyotafuta mtu aliyefungiwa nyumbani, nikaona kweli hapakuwa na mlango. Tulikula, nikamwongezea samaki mkubwa, ambaye hakumgusa.

Njia ya kwenda loji haikupitika kwa lori, kwa hiyo mtumbwi ulipaswa kwenda kwa maji. Saulosi akaja kumwomba Yotamu aupeleke, maana hakuna mwingine aliyejua kuuegemea usipinduke. Alimwomba kwa upole, akasema yeye atatangulia kwa pikipiki. Yotamu akakubali. Nikasema nakwenda naye, nikakumbe maji. Aliziba nyufa kubwa kwa nyuzi za migomba na udongo, kazi ya kubahatisha, matundu ya misumari akayaacha, tukausukuma.

Sikuwahi kuukalia kabla ya siku ile. Nilikaa mbele na kopo langu, miguu ndani, na mara ya kwanza ulipolala kushoto nilipiga kelele, lakini Yotamu akaegemea kidogo tu nao ukarudi. Baada ya hapo nikausikia. Maji yalikuwa yanapita chini ya mapaja yangu, upande wa pili wa mti usiozidi unene wa kiganja, na kila alipopiga kasia ulikwenda mbele bila sauti, bila kuulizwa mara mbili. Yeye akipumua, nao unapumua. Nyumba zetu zilikuwa ndogo kule nyuma, na watu wote waliokuwa na maneno walikuwa ndani ya nyumba zile. Nikaelewa mume wangu alikuwa akienda wapi miaka yote ile, na nikakasirika kwamba naelewa siku ile ya mwisho.

Tulipoipita rasi, mahali ambapo maji yanageuka kuwa ya bluu nzito, alilaza kasia magotini.

"Acha kukumba," alisema.

"Tutazama."

"Tutaogelea. Wewe unaogelea kuliko mimi, na pwani si mbali. Nitasema ziwa limeuchukua. Ziwa haliulizwi."

Nilimtazama. Hakuwa anatania. Nikaweka kopo chini.

Maji yaliingia taratibu. Kila tundu la msumari lilikuwa na kijichemchemi chake, na ule mraba wa bati ulikuwa unatokwa na maji pande zote nne. Yakafunika vifundo vya miguu, yakapanda magotini, baridi, mpaka nguo zangu zikaanza kuelea. Kopo likaelea likaenda zake. Ukingo ukashuka ukalingana na ziwa, na wimbi dogo likapita juu yake likaingia na kutoka. Tukangoja wakati wake wa kwenda chini. Nilikuwa nimeshaagana nao moyoni, nilikuwa nimeshajipanga kuogelea.

Haukwenda. Ulisimama pale pale, umejaa mpaka mdomoni, nasi tumekaa ndani yake maji yametufika kifuani. Yotamu akasimama akaruka kwa nguvu zake zote. Ukalala kushoto, ukarudi. Akaruka tena. Mti ulikuwa umekaa mchangani kifudifudi msiba mzima, juani, umekauka mpaka kiini chake, na sasa haukuweza kuzama hata kwa kulazimishwa.

"Hautaki," alisema. "NyaManda, hautaki."

Akaanza kucheka, na kicheko kikamgeukia. Nilimshika shati kwa nyuma nisije nikampoteza. Nililia na mimi. Niliulilia mtumbwi niliouchukia miaka yote, na nilimlilia yeye, na sitaki mtu aniulize nilimlilia nani zaidi.

Hatukuweza kukaa pale milele. Tulishuka majini, yeye upande huu, mimi upande ule, tukauyumbisha kwenda na kurudi mpaka nusu ya maji ikamwagika, kisha nikapanda nikakumba kwa viganja na kwa kitambaa changu cha kichwa, kisha akapanda yeye. Akachukua kasia. Akaendelea kule alikoambiwa aupeleke.

Saulosi alikuwa anangoja ufukweni mwa loji, ana soda mkononi. "Shemeji, mmeoga njiani?" aliniuliza. Madamu alipiga makofi kuona mti ulivyokolea rangi kwa kulowa, akamwita fundi, kijana mmoja mtaratibu mwenye msumeno mrefu wa mkono. Fundi akapima kwa kamba, akachora mstari wa mkaa katikati. Lakini alipoanza kukata mtumbwi ukamyumbia, ukaangukia upande wake wa kushoto.

"Kaka, nishikie hapo," alimwambia Yotamu.

Yotamu akapiga magoti mchangani, akaukumbatia upande wa mbele, akaubana kwa mikono na mapaja. Ukatulia. Msumeno ukaingia kwenye ukingo wa kulia, ukapita kwenye mfereji mmoja wa kamba, ukateremka. Nje mti ulikuwa wa kijivu, lakini unga uliotoka ulikuwa mwekundu, na harufu yake ilikuwa ya mti uliokatwa leo. Fundi alipokata kingo zote mbili na kufika tumboni alisimama kupumzika, akachukua unga kidogo akaunusa.

"Mti mzima kabisa huu," alisema. "Ungetiwa viraka ungevua miaka mingi."

"Mwenyewe kasema umechoka," Saulosi alimwambia.

"Umechoka wapi? Umeng'olewa viraka juzi tu. Kingo za matundu haya bado ni nyekundu."

Saulosi akaweka soda yake chini. Alikuja akachuchumaa mbele ya Yotamu, karibu, kama alivyochuchumaa siku ile mbele ya mtumbwi.

"Binamu," alisema. "Mjomba alinipigia simu kabla ya mvua. Aliniambia, mimi nikiondoka usimnyang'anye Yotamu mtumbwi. Nikamwambia mjomba, nauhitaji wa nini mimi? Nilikuja na neno hilo mdomoni, nikupe mbele ya wazee, ili asiwepo mtu wa kusema neno. Kisha nikaukuta umebomolewa, umewekwa kuku, na wewe unaniambia kuni. Nikadhani humtaki hata mzee mwenyewe." Hakuwa na hasira. Alikuwa anauliza kweli. "Kwa nini hukusema?"

Nilifungua mdomo wangu. Yotamu akanitazama juu ya ule mti, na macho yake yakanikataza, nikaufunga. Ningesema neno, shangazi Enelesi angejua kila kitu kabla ya jua kuzama, nilichosema na ambacho sikusema.

"Kaka, unaachia," fundi alisema. Alikuwa ameshaurudisha msumeno kwenye mkato. "Shikilia vizuri, tumebakiza kidogo. Usije ukapasuka vibaya."

Naye akashikilia vizuri.